Nazi ya Ba: siku nne Girnar

Alhamisi, 16 Januari 2025

Ba amenipigia simu mara tatu wiki hii, na mara zote habari ni moja: nazi. "Wewe iko Rajkot mwaka mzima, Girnar iko hapo tu, bado kwenda? Nazi moja tu, beta. Peleka kwa Amba Mata, sema Ba wa Mombasa naleta."

Ba si bibi yangu wa damu. Ni jirani yetu Mombasa. Duka lake la vitambaa lilitazamana na baraza letu, na nilikula dhokla mkononi mwake kabla sijaijua alifu wala bee. Alizaliwa kijiji kimoja huku Saurashtra, jimbo la Gujarat, India. Alipoolewa mwaka 1961, wakweze walimpandisha mlima wa Girnar pamoja na bwana harusi, ncha ya sari yake imefungwa fundo na shali ya mumewe, wakatoa nazi kwa Mama Amba, mungu wao wa kike, ili ndoa idumu. Ndiyo desturi ya maharusi wa pande hizi. Mwezi haukwisha wakateremka Bombay, wakapanda meli ya Karanja, wakashukia Kilindini. Hajarudi mlimani tangu hapo. Sasa magoti yake hayawezi hata ngazi za ghorofani kwake, na mimi ninasoma Rajkot, kilomita 100 tu kutoka Girnar. Udhuru umeniishia.

Basi la serikali limetumia karibu saa mbili na nusu. Njia nzima ni pamba na mashamba ya karanga yaliyokwisha vunwa. Juzi ilikuwa Uttarayan, sikukuu ya tiara, na nyuzi bado zimening'inia kwenye miti na nyaya za umeme kama nywele za mwenye wazimu. Bara hili la Saurashtra limelala kama meza. Ndipo ghafla, karibu na Junagadh, mlima unasimama mbele ya kioo cha dereva. Vilele kadhaa vimepangana, vya rangi ya majivu, na hakuna kilima kingine cha kukutayarisha. Ndio mlima mrefu kuliko yote katika jimbo la Gujarat, na unapita mita 1,000 kidogo. Mtu wa Taita angecheka. Lakini ukiutazama kutoka tambarare, hucheki.

Mwenye nyumba ya wageni ni mzee aliyezaliwa Jinja, akatoka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi. Alipojua natoka Mombasa alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuchomoa maneno kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko wa koti la zamani: "Sufuria. Kisu. Fagio. Kuja kula." Nikamwita kaka, naye akafurahi mno, maana kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo. Bahati yangu sikumwita mkewe mama. Huku mama ni mjomba.

Jambo moja limeanza kunichekesha. Tangu kituo cha basi watu wananisemesha Kigujarati cha haraka, wakiniuliza natoka Jambur au wapi. Wanadhani mimi ni Sidi, Mhindi mwenye asili ya Afrika.

Ijumaa, 17 Januari

Leo sikupanda. Kaka amesema mlima hauendwi na mtu aliyeshuka basini jana. Nikaenda kutazama jiwe.

Liko kando ya barabara iendayo mlimani, ndani ya nyumba iliyojengwa kulifunika. Mtu asiyejua angelipita: bonge kubwa la jiwe tu. Lakini limeandikwa mwili mzima. Upande mmoja ni amri 14 za mfalme Asoka, za miaka ya 250 hivi kabla ya Kristo, kwa herufi zinazofanana na za mtoto anayejifunza kalamu: misalaba, miduara, ndoana. Kwa karne nyingi hapakuwa na mtu wa kuzisoma, mpaka James Prinsep, aliyekuwa ofisa katika kiwanda cha kufulia sarafu Calcutta, alipoufumbua mwandiko huo mwaka 1837.

Amri ya kwanza inahusu jiko. Asoka anasema zamani jikoni kwake walichinjwa wanyama maelfu kwa maelfu kila siku kwa ajili ya mchuzi. Sasa ni watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa naye si kila siku. Na hao watatu, anaongeza, wataachwa siku za mbele. Nampenda mfalme anayekiri kwamba bado hajaacha kabisa kula nyama. Amri ya 12 nayo inasema mtu anayeisifu dini yake kwa kuzishusha za wenzake anaiumiza hiyo hiyo yake.

Kilichonishika zaidi ni maandishi ya pili, ya mfalme Rudradaman, kwa sababu hayahusu dini. Yanahusu bwawa. Chini ya mlima huu palikuwa na ziwa la kuchimbwa, Sudarshana, maana yake lenye kupendeza macho. Alilijenga Pushyagupta, liwali wa Chandragupta Maurya, babu yake Asoka. Likaongezwa mifereji wakati wa Asoka. Mwaka 150 baada ya Kristo ikaja tufani, mito ya Girnar ikafura, ukuta ukapasuka. Tundu lilikuwa na urefu wa dhiraa 420, upana vivyo hivyo, kina dhiraa 75. Vipimo vyote vimechongwa hapo, kama ripoti ya mhandisi. Washauri wa mfalme walikata tamaa wakasema haliwezekani, wananchi wakapiga mayowe. Mfalme akalijenga upya kwa fedha ya hazina yake, na anasisitiza: bila kodi mpya na bila kuwafanyisha watu kazi ya kulazimishwa. Miaka 300 baadaye likapasuka tena, na maandishi ya tatu, ya wakati wa Skandagupta, yanaeleza jinsi lilivyotengenezwa mwaka 456. Jiwe moja, wafalme watatu, karne saba. Ziwa lenyewe leo halipo.

Nikaswali Ijumaa mjini. Junagadh ilitawaliwa na Manawabu Waislamu mpaka 1947, na wa mwisho anakumbukwa kwa mapenzi ya mbwa, mamia ya mbwa. Aliiunga nchi yake na Pakistani ingawa raia wengi walikuwa Wahindu, kisha akakimbilia Karachi, na mbwa kadhaa wakasafiri naye. Ukiuliza habari za siasa ile, watu wanakujibu habari za mbwa.

Jioni nilinunua nazi Bhavnath, mtaa ulio chini ya mlima. Muuzaji alisema inatoka pwani ya Mangrol. Imefuliwa, ikaachiwa kishungi cha makumbi juu, na bila kishungi hicho haifai kutolewa. Mimi, kwa mazoea ya kwetu, nikaitikisa sikioni kusikiliza maji. Wauzaji wote wakageuka kunitazama. Nikachukua na kitambaa chekundu cha kuifunikia.

Jumamosi, 18 Januari

Saa kumi usiku nilikuwa langoni. Mwezi ulikuwa bado mkubwa, baridi ya kutia mikono mifukoni. Vidato, inasemwa, ni 9,999 hadi kilele cha Dattatreya, na namba zimepakwa rangi kwenye mawe ili ujue umebakiza dhiki kiasi gani. Pana gari la waya tangu Oktoba 2020, wenyewe wanaliita udan khatola, yaani kitanda kirukacho. Linakutoa chini na kukufikisha hekalu la Amba baada ya kilomita 2.3 za hewani. Lakini Ba alipanda kwa miguu, tena na sari. Nikanunua fimbo ya mwanzi.

Hapo langoni kuna mizani. Wachukuzi wa machela wanampima abiria kwanza kama gunia la mchele, kisha ndipo bei. Mama mmoja mnene alikuwa akibishana na mizani yenyewe, anaigonga kwa kiganja, wanawe wamejificha wanacheka. Wachukuzi walikuwa wanne, wembamba, miguu mikavu. Walinipita kwenye kidato cha 400, mama amekaa juu anakula karanga.

Ukoo wetu una wakwezi, lakini tumezoea kuteremsha nazi, si kuipandisha. Kufika kidato cha 1,000 ilikuwa na uzito wa tikiti maji.

Hivi vidato vina kisa. Watu wamekuwa wakipanda Girnar tangu zama za jiwe lile, na katika karne ya 12, enzi ya mfalme Kumarapala, palichongwa ngazi. Ila hizi nilizokanyaga zilijengwa kuanzia 1889, kwa bahati nasibu. Waziri mkuu wa Nawab, Haridas Viharidas Desai, aliona fedha haitoshi, akauza tiketi. Kazi ikaendelea mpaka 1908. Yaani serikali ya Nawab Mwislamu ilichezesha bahati nasibu ili Wahindu na Wajaini, watu wa dini nyingine ya kale ya India, wasivunjike shingo wakienda kusali. Huko msikitini kwetu ingekuwa hoja ya mwaka mzima: kamari au thawabu?

Bango lilionya kuhusu simba na chui. Si mzaha, kwani msitu wa Girnar ni hifadhi na simba wa Asia wamo. Hesabu ya 2020 iliwapata 674 katika eneo zima la Gir na jirani zake. Muuza chai wa kidato cha 2,000 aliponiuliza kama naogopa nikamwambia natoka nchi ya simba wa Tsavo. Akasema basi hao wa kwenu wala watu, hawa wa kwetu wacha Mungu. Chai yake ilikuwa ya tangawizi, kikombe kidogo mno.

Wakati wa alfajiri ulinikuta juu zaidi, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Kibla ni magharibi, yaani nyuma, kule nilikotoka, juu ya taa za mji. Nikaswali na nazi ikiwa kando ya viatu.

Kwenye kidato cha 3,800 hivi unafika mji wa mahekalu ya Wajaini, ndani ya kuta. Kubwa lao ni la Neminath, nabii wao wa 22. Lilijengwa mnamo 1128 na Sajjana, liwali wa mfalme Siddharaja, na alilijenga kwa kodi ya jimbo bila kumuuliza bwana wake. Mfalme akaja kudai. Sajjana akamwambia: chagua, bwana wangu, fedha yako nitakulipa, au uchukue thawabu za hekalu. Mfalme akatazama mawe yale ya kuchongwa, akachagua thawabu. Maliwali wa siku hizi nao wangependa kukaguliwa hivyo.

Lakini watu wa hapa hawamsemi Siddharaja kwa wema. Ndiye aliyemuua Ra Khengar, mtawala wa Junagadh, akamteka mkewe, Ranakdevi. Hadithi inasema mjane alipokuwa akichukuliwa aligeuka akautukana mlima: wewe Girnar, bwana wako amekufa, na bado umesimama? Mlima ukaona haya. Mawe yakaanza kuporomoka. Naye akashtuka, akanyoosha mkono kuyazuia: usianguke, nguzo yangu, nani atakuinua tena? Kuna mawe huko juu yaliyoning'inia kama yamekatazwa katikati ya safari. Nilipita chini yake haraka kidogo.

Saa mbili kasorobo asubuhi nikafika kwa Amba. Jua lilikuwa halijatufikia, kwa kuwa tunapanda ubavu wa magharibi na mlima wenyewe unalikinga. Hekalu si kubwa. Ni la mawe, limeketi kwenye ncha ya kilele, bendera juu inapigwa na upepo kama tanga. Wajaini husema lilijengwa na Vastupala, waziri na mfanyabiashara wa karne ya 13, na kwao Ambika ni mlinzi wa Neminath. Kwa Wahindu ni Mama mwenyewe, Shakti. Katika sanamu za Kijaini Ambika hushika matawi ya maembe, na neno letu embe limetoka huku huku India. Wazo hilo lilinijia nikiwa kwenye foleni, nyuma ya maharusi wawili. Walikuwa wamefungwa fundo kama Ba alivyoeleza. Bibi harusi alikuwa akipanda haraka kuliko bwana, kwa hiyo kila dakika shali inamvuta shingo, na bwana anasema neno moja lile lile, nadhani ni "polepole".

Zamu yangu ikafika. Pujari, kuhani wa hekalu, alipokea nazi, akaona kitambaa, akaniuliza kwa Kihindi: kwa jina la nani?

Nikafungua mdomo. Miaka 26 nimeishi mkabala na mwanamke yule. Najua anapenda muhogo wa kuchemsha, najua sauti ya shata la duka lake, najua kwamba huficha pesa kwenye kopo la chevda. Jina lake sikulijua. Kwa kila mtu mtaani, Mhindi, Mswahili, Mwarabu, yeye ni Ba.

"Ba," nikasema. "Mombasa."

Akanitazama, akatazama foleni. "Ba, Mombasa," akarudia, akasoma maneno yake, akaigusisha nazi mbele ya Mama. Nilichoona mimi ni maua ya rangi ya chungwa na kitambaa chekundu, basi, mgongo wangu ukasukumwa. Mlangoni akanirudishia nazi ile ile, nzima, imepakwa wekundu, na pakiti ya peremende nyeupe za sukari. Amana ikawa imefika, na wakati huo huo imerudi mkononi.

Mtu mwenye akili angeteremka kwa gari la waya. Mimi nikaendelea. Kutoka kwa Amba njia inashuka, inapanda hadi kilele cha Gorakhnath, kilicho juu kuliko vyote, inashuka tena vidato vingi vinavyouma roho kwa sababu unajua utavipanda kurudi, kisha inasimama wima kuelekea Dattatreya. Hapo upepo unakusukuma kama askari. Juu kuna kijumba kidogo tu, na ndani yake nyayo zilizochongwa. Wahindu wanasema ni za mungu wao Dattatreya. Wajaini wanasema ni za Neminath, aliyepata ukombozi wake kilele hiki. Mzozo umefika mahakamani. Nilikaa ndani labda nusu dakika, na katika nusu dakika hiyo nilisikia watu wakiharakishwa kwa lugha tatu. Nikamkumbuka Asoka na amri yake ya 12, kilomita chache tu chini, ndani ya nyumba iliyofungwa kwa kufuli.

Kwenye kisima cha Kamandal, chini ya kilele, wanakulisha bure. Nilikaa chini na sadhu, mtawa wa Kihindu, mwenye nywele hadi kiunoni, kushoto kwangu mwanafunzi wa uhandisi. Wali, dengu, kitu kitamu cha ngano. Nikaongezewa bila kuuliza. Sadhu akanionyesha nazi kwa kidole, akacheka, akasema kitu. Yule mwanafunzi akanitafsiria: "Anasema nazi yako imehiji kuliko yeye."

Saa nane nikarudi kwa Amba, nikakuta gari la waya limesimama. Upepo. Vibanda vilikuwa vinabembea tupu kama mapovu. Watu wazima walikuwa wameketi chini wanalia, si utani. Tukateremka kwa miguu, vidato 5,000 na ushei. Kupanda kunatafuta pumzi, kushuka kunatafuta magoti. Kufika 2,000 miguu yangu ilikuwa inatetemeka yenyewe hata nikisimama, nikashuka nyumanyuma nikishika ukuta. Wale wachukuzi wanne wakanipita tena, sasa machela tupu begani, wanakimbia.

Jumapili, 19 Januari

Kaka alinikuta naketi kwenye ngazi za nyumba yake, nashuka kwa makalio. Akaleta mafuta ya haradali, akasema "pole, pole", neno ambalo hakulitaja Alhamisi. Limemrudia.

Nikalazimisha safari ya Jambur kwa basi la Talala, halafu bajaji, kwa sababu nimechoka kuulizwa natoka huko ilhali sijawahi kufika. Ni kijiji cha Masidi, watu ambao wazee wao walitoka Afrika karne kwa karne, wengine askari, wengine mabaharia, wengi watumwa. Sura za kijijini ni za Kilindini na Likoni. Lugha ni Kigujarati tupu. Mtoto mmoja alinisemesha, nikashindwa kumjibu, akaenda kumwambia mwenzake, nadhani kwamba mimi ni bubu.

Walii wao ni Nagarchi Pir, yaani Pir mpiga ngoma. Mchezo wao, dhamal, wanauita pia goma. Palikuwa na wageni, kwa hiyo wakapiga. Mzee mmoja alinionyesha ngoma moja moja kwa jina: mugarman, ile yenye miguu. Halafu akagusa nyingine, ndefu, ya kuvaa shingoni, akasema: "Musindo."

"Msondo," nikasema.

"Musindo," akanisahihisha.

Kijana mmoja akarusha nazi juu, akaipokea kwa kichwa, ikapasuka, maji yakamwagika usoni, watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimeikumbatia yangu.

Usiku nikampigia Ba. Nikamweleza yote, kisha nikaungama habari ya jina. Upande wa pili palikuwa kimya, nikadhani mtandao umekatika. Kumbe anacheka, anacheka mpaka anakohoa. Akaniambia jina lake. Siliandiki hapa, hakunipa niligawe. Nikalirudia, akarekebisha matamshi yangu mara mbili.

Kisha akauliza kama nazi haina ufa, maana ikiwa na ufa haitafika Mombasa salama.